Shina la Mjomba Salehe

Haya wanangu, sogeeni huku kivulini, na nyie wa nyuma acheni kujifanya wageni. Mwenye kiti akalie kiti, mwenye ndoo aigeuze aikalie, asiye na chochote akae chini, ardhi ya Bigwa haijawahi kumng'ata mtu. Bwana harusi hayupo? Jafari hayupo kweli? Vizuri, maana nataka nimseme kidogo, na kumsema mtu mbele yake kunaniharibia utamu.

Mnaliona hili shina la majani hapa mbele yangu. Limekaa uwanjani hapa muda mrefu kuliko meno yangu yalivyokaa kinywani. Kesho Mwajuma anaolewa, anakwenda Dakawa kwenye mpunga, na kila binti wa nyumba hii akiolewa namkatia kipande cha shina hili akapande mlangoni kwake. Watu wa mjini wanasimamisha magari pale barabarani, wanashusha kioo, "Bibi, hayo majani ya mapambo unauzaje?" Nawauzia asumini, nawauzia mawaridi, ningekuwa na nguvu ningewauzia na huo mlima. Hili siuzi. Likitoa yale mashungi yake meupe, marefu, laini, hata mawingu ya Uluguru yanaona aibu yanapanda juu zaidi.

Lakini Mwajuma, kabla sijashika panga, tuseme kwanza. Tangu asubuhi umenuna. Nimekuuliza, umeniambia Jafari anakupigia simu mno. Mara umeamka, mara umekula, mara umekula na nani, mara mbona simu imeita sana ndipo ukapokea. Umeniambia kwa mdomo wako, "Bibi, najiona nabanwa, sijui kama kesho nitaweza." Mwanangu, mama yako akisikia hayo atatumbukia kwenye sufuria ya pilau, na wageni tumeshawaalika. Kaa hapa. Hiyo simu ilaze kifudifudi. Nikupe habari ya shina hili, halafu uamue mwenyewe.

Nakumbuka siku moja nilikuwa nimekaa nachambua maharage, huko juu kwetu mlimani, kule unakopanda kutoka hapa mpaka magoti yanaanza kukutukana. Nilikuwa msichana, na nilikuwa mzuri. Msicheke. Nilikuwa mzuri hadi jogoo wakiniona wanasahau kuwika, kijiji kizima kinachelewa shamba. Basi nikaona kijana anapanda ile njia, shati limelowa jasho, kiatu kimoja kakishika mkononi.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama yangu.

"Marahaba, baba. Umetoka mbali?"

"Natoka hapo chini Bigwa."

"Hapo chini," mama akasema. "Na unahema hivyo."

Kijana mwenyewe ndiye huyu babu yenu Seif, huyu mnayemwona amekaa kimya na kikombe chake cha chai tangu mmefika. Alikuwa mtoto wa Ngerengere, baba yake mtu wa reli. Alikuwa amepanga chumba hapa Bigwa, anatengeneza baiskeli. Mtoto wa reli mpe spana, mpe nati, atakufurahisha. Jembe alikuwa analijua kwa sura tu, kama mtu mnayepishana naye sokoni. Tulionana siku nilipoteremsha ndizi gulioni, akanisaidia kubeba mkungu, ukamshinda, nikambebea mwenyewe. Nikampenda hapo hapo.

Sasa kwetu Waluguru mambo yake mnayajua. Ardhi ni ya upande wa mama, na mwenye kauli juu ya binti ni mjomba. Baba anaweza kukaa pale akanywa uji wake vizuri kabisa, lakini mjomba akikohoa ndipo watu wananyamaza. Na mwanamume akija kuoa anakuja kulima ardhi ya ukoo wa mke, kwenye miteremko ile ambayo ukikosea kidogo mvua inakuteremshia shamba lako mpaka kwa jirani, na yeye anavuna mahindi yako huko. Kwa hiyo mjomba haangalii sura ya kijana. Anaangalia mkono.

Mjomba wangu Salehe alikuwa mtu wa maneno machache, kiasi kwamba akishakuambia karibu unajua wiki hiyo ndiyo basi tena. Alifanya kazi ya bustani miaka mingi kwa meneja wa shamba la mkonge. Wenzake waliporudi na mabati na redio, yeye alirudi na gunia bichi lenye shina la majani ndani. Watu walimcheka mpaka ng'ombe wa jirani wakajua. Akalipanda ukingoni mwa uwanja, na mwaka uliofuata mashungi yaliposimama, waliomcheka wakawa wanapitisha wageni wao pale kwa makusudi.

Basi Seif akajieleza. Alisema sana, maana alikuwa anaogopa. Mjomba Salehe akamsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akachukua panga, akamega kipande cha shina ukingoni kule, akamtupia magotini.

"Kapande kwako. Likitoa shungi, njoo nalo. Tutaongea."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe usimfundishe. Ukimwambia hata neno moja, nitajua."

Mwanangu, mimi kunyamaza? Mimi niliyezaliwa nikimsimulia mkunga? Ilikuwa kama kuambiwa nimeze boga bila kulikata. Maana nilikuwa nimekua na lile shina, najua linataka nini na halitaki nini. Nikaapa nitanyamaza. Nikasema nitakuwa nateremka kila siku ya gulio, nampitia tu, namwona, naondoka.

Wiki ya kwanza nikamkuta kalipanda nje ya chumba chake, kalizungushia mawe, juu kalitengenezea paa la makuti lisipigwe na jua. Majani yanayopenda jua kuliko mjusi, kayawekea paa. Pembeni kuna ndoo mbili.

"Unalimwagilia?" nikamuuliza. Kuuliza si kufundisha.

"Asubuhi, mchana na jioni," akasema, na kifua kimetoka. "Na nikiamka kwenda chooni nalipa kidogo."

Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu.

"Pole," akasema, "una kifua?" Akanipa maji na mimi.

Alilimwagilia yule bwana mpaka mto Ngerengere ukapungua, wanawake wa ng'ambo wakawa wanavuka na viatu. Akaleta mbolea ya kuku, akaona haitoshi, akaleta ya mbuzi. Kuku wa mwenye nyumba akipita karibu anafukuzwa mpaka Kingolwira. Wateja wa baiskeli wanamsubiri, yeye kachuchumaa pale, analiangalia. Mteja mmoja akamuuliza, "Fundi, hilo limekuja kutengenezwa nini?"

Na kweli lilinenepa. Lilinenepa vibaya. Likawa limelala huku na huku kama mlevi aliyekosa ukuta, majani laini ya njano, na chini linanuka. Kiangazi kilipokaza, majani ya nje yakakauka kahawia, kama yanavyokauka kila mwaka, ni kawaida yake. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, akamwambia, "Mwanangu, kata hayo makavu yote, mvua ikija yatatoka mapya." Mama yule alimwambia kwa upendo kabisa.

Babu yenu akamwangalia kama kaambiwa akate shingo ya mtu. "Nikate? Mama, huyu ndiye mke wangu."

Basi akawa anachambua unyasi mmoja mmoja mkavu kwa vidole. Na majani haya, hebu mtu apitishe kidole pole pole ukingoni hapa aone. Yanakata kama wembe. Siku ya gulio nikamkuta vidole vyote kavifunga vitambaa, hawezi hata kushika spana. Mimi nikakohoa mpaka watu wakanishauri niende hospitali.

Siku moja, mvua za vuli bado hazijaanza, nikateremka, nikamkuta kakaa kizingitini, shina liko mapajani. Lilikuwa limeng'oka lenyewe. Alilishika tu, moyo wake wote wa katikati ukabaki mkononi, mweusi, unatoa maji. Alikuwa analia, wanangu. Mtoto wa reli, analia juu ya majani.

"Kwisha," akaniambia. "Mjomba wako atasema mtu aliyeua majani atamfanya nini binti."

Na mimi nilijua ndivyo atakavyosema. Nikakaa naye pale kwenye kizingiti. Angeweza kulitupa, mjue. Angeweza kurudi Ngerengere akatafuta binti asiye na mjomba. Badala yake akalifunga kwenye gunia, akaliweka kichwani, akapanda mlima, na lile gunia linamchuruzikia maji machafu mgongoni njia nzima.

Mjomba Salehe akalifungua. Akaliangalia. Akanusa. Akamwangalia Seif kuanzia vidoleni.

"Ulilinyima nini?"

"Sikulinyima kitu, mjomba. Wallahi."

"Naona," mjomba akasema.

Akachukua panga akalipiga katikati. Seif akapiga kelele kama kapigwa yeye. Mjomba akafukua ule uozo wote wa katikati akautupa bondeni, akatafuta tafuta pembeni, akapata kipande, kidogo hivi, kama ngumi ya mtoto, bado kina uhai. Akakata majani yake yote, akabakisha shibiri moja tu juu ya mizizi. Akakipanda ukingoni kule njia inapopinda, juani, akakimwagia kikombe kimoja, akanawa mikono.

"Kesho nimwagie tena saa ngapi?" Seif akauliza.

"Kesho uko Bigwa unatengeneza baiskeli. Na keshokutwa. Usipande huku mpaka uone shungi ukiwa huko chini."

Na mimi akanizuia gulio. Dada yangu ndiye akawa anateremsha ndizi.

Sasa watu watasema shungi la majani haliwezi kuonekana kutoka mlimani mpaka Bigwa. Anayebisha aende akasimame, nitamlipia chai. Babu yenu alisimama pale kila asubuhi, katazama juu, mpaka shingo ikarefuka ukoo wake wakamtilia shaka. Vuli ikapita. Lile donge likachipua kwa hasira, maana mvua ilikuwa inakuja na kuondoka, haikai kulibembeleza. Masika yakaingia, likafika kiunoni kwangu. Halina shungi.

Mimi nikashindwa. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayewapa nasaha. Dada anarudi gulioni ananiambia, "Seif amekonda, anaangalia mlima tu, jana kamfungia mtu gurudumu la nyuma mbele." Nikasema huyu atanifia. Asubuhi moja nikachukua shuka jeupe la bibi yangu, nikalifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nikausimika pale pale kwenye shina. Upepo ukalinyanyua vizuri. Hata mimi nililiamini.

Kabla uji haujapoa Seif alikuwa uwanjani. Sijui alipitia wapi, nadhani aliruka. Kiatu hata kile kimoja hakuwa nacho. Akapita mbele yetu sote bila kuamkia, mbio mpaka kwenye shina, akalikumbatia, na shuka likamfunika kichwa.

Mjomba Salehe akaweka kata ya uji chini. Akaenda, akalishika shuka kwenye pindo, akaliangalia mbele na nyuma.

"Shungi hili," akasema, "linataka sabuni."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Seif hakucheka. Alinitazama mimi, halafu akateremka mlima pole pole kama anahesabu mawe. Nilitaka kumkimbilia, mjomba akanishika mkono. Na siku ile, wanangu, yule mtu wa neno moja kwa wiki alisema maneno ya mwaka mzima.

"Kaa hapa, binti. Mimi nilidhani kule Bigwa mmwagiliaji ni mmoja. Kumbe mlikuwa wawili. Yeye kila saa ndoo, wewe kila gulio uko mlangoni. Hakuna aliyeliacha jua likae hata siku moja. Mnafikiri nimewatenga kwa ubaya? Nimewatenga mkaushe mizizi. Na sasa umemdanganya kwa shuka. Siku likitoka la kweli, nani atakuamini?"

Nikasema, "Atajua tu, mjomba. La kweli linajulikana."

"Haya," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Masika yakaisha, upepo mkavu ukaanza, na asubuhi moja natoka na ufagio, nikaliona. Lilikuwa limesimama kuliko mimi na mjomba tukibebana. Jeupe, linang'aa, linatikisika hata pale upepo usipokuwepo. Nikafagia uwanja mara nyingi siku ile huku naangalia njia. Seif hakuja. Kesho yake nikapika wali, sikukuu haipo, nikapika wali. Hakuja. Siku ya tatu dada akarudi gulioni.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nimemwona. Nikamwonyesha na kidole, nikamwambia, shemeji, angalia juu kule."

"Akasema nini?"

"Akaangalia. Akasema, 'Lile ni shuka.' Akaendelea kujaza upepo."

Nilikaa jikoni nikalia, na moshi sikuusingizia. Huyo mume nimempata, mkono wake umekubaliwa, shungi limetoka, na mimi mwenyewe kwa shuka la bibi nimemfungia njia. Mjomba Salehe akaniacha nilie vya kutosha. Hakunizuia wala kunibembeleza. Nilipomaliza, akachukua kisu, akalikata lile shungi kwa uangalifu, akalitia begani kama bunduki, akateremka mwenyewe. Mjomba kumfuata mkwe mtarajiwa, hilo kwetu halikuwahi kusikika, nadhani hata njia ilishangaa.

Alimkuta Seif chini ya baiskeli. Akalisukuma lile shungi mpaka puani kwake.

"Nusa. Lina harufu ya sabuni?"

Ndivyo nilivyoolewa. Na shina hili mnaloliona ni mtoto wa lile donge la ukubwa wa ngumi.

Sasa Mwajuma, mwanangu, nisikilize vizuri, maana kesho kelele za ngoma hazitaniruhusu. Ukifika Dakawa lipande mahali palipoinuka. Wanaume wa mpunga wanapenda kujaza maji kila kitu, usiwaruhusu. Likiwa geni linywe, likishashika ardhi liache likae na kiu yake kidogo, hapo ndipo mizizi inashuka kutafuta. Kiangazi litakauka, utadhani limekufa, wala usiite watu kuomboleza. Mvua zikikaribia vaa soksi mikononi, likate lote, ubakishe shibiri. Usiparuze mpaka udongo, utaliua kweli. Na miaka ikienda utaona katikati pamekufa, pembeni ndiko kunakochipua. Usiogope. Ling'oe, likate, tupa kilichokufa, panda kilicho hai. Mimi na babu yenu tumeshang'oana na kupandana upya sijui mara ngapi, na mnatuona tumestawi, yeye kitambi, mimi mdomo.

Na Jafari hana ubaya. Jafari ni mtu mwenye ndoo. Anaogopa utakauka. Kazi yako ni kumwambia, usimkimbie. Lakini wewe nawe, nimekuona tangu asubuhi. Anapiga, unapokea kwa sauti ya asali, "Eee mpenzi, niko salama." Ukikata unanuna mpaka midomo inafagia. Hilo ni shuka la bibi, mwanangu. Unamwonyesha shungi ambalo hujalitoa. Siku utakayomfurahia kweli kweli, atakuwa chini ya baiskeli, anajaza upepo, haamini. Mwambie leo, kabla ya kesho. Mwambie kwa upole, lakini mwambie kama lilivyo. Akiwa mkono mzuri, atashusha ndoo chini. Akikataa kuishusha, rudi uniambie, mjomba wako yupo, na kukohoa anajua.

Haya, nipeni panga. Na nyie wengine nyanyueni mikono. Mungu awape nyumba isiyovuja na mahaba yasiyofurika. Awape kiangazi kifupi na mkono usioogopa kukata. Mpunga wenu ulemee, watoto wenu wawe wengi mpaka majina yaishe, na shungi lenu lionekane mpaka huku Bigwa nami niwe bado na macho ya kubishania. Semeni amina. Semeni kwa nguvu, mbona kama mmefunga.

Eti nini? Simu inaita? Si tulisema ilazwe kifudifudi? Ni yeye tena? Mwajuma, mbona unatuangalia sisi, shika, ongea naye, ndiyo hii saa yenyewe. Hujui uanzie wapi? Mwanamke wa ukoo huu hajui aanzie wapi? Haya, babu yako ameweka kikombe chini, ngoja, huyu mzee akiweka kikombe chini ana neno. Sema, baba.

"Mwambie afunge bomba," babu akasema. "Nililiua mimi la kwanza."